Siku Pijo la Buhendwa Liliposhuka Mlima

Zamani, kabla watu hawajajifunza kumpita mwenzao kama wanavyopita nguzo ya umeme, gari lililowaka lenyewe hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, lilikuwa jambo la kutazamwa. Betri zilikuwa zimechoka, mafuta ya shida, na barabara yote mlima. Dereva alikaa kwenye usukani, akatoa mkono dirishani, akaupiga mlango kwa kiganja, na watu wakaja. Hakuna aliyeitwa kwa jina. Mwenye gunia alilitua, fundi viatu aliacha nyundo, hata aliyekuwa njiani kwenda msikitini alikunja kanzu yake. Walisukuma, injini ikakohoa, ikashika, na hapo sheria ikaanza kazi: kila aliyesukuma alirukia nyuma akapelekwa anakokwenda, na dereva hakuondoka mpaka wa mwisho awe amepanda. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Labda ndiyo maana watu waliifuata.

Buhendwa aliishi kwa sheria hiyo. Alizaliwa ng'ambo, Kivu ya Kusini, akavuka mto Rusizi akiwa kijana kutafuta kazi ya utingo, akaifanya mpaka akapata gari lake mwenyewe: Pijo 404 la rangi ya krimu, wazi nyuma, lenye pua ndefu na honi ya kumwamsha marehemu. Kwa Pijo hilo alishusha mihogo ya Gashonga na ndizi za Gitambi, akapeleka maharusi Bukavu, akarudisha wagonjwa, na mara kadhaa maiti, ambao hakuwapigia honi. Mkewe Feza alikaa kiti cha kulia, mwavuli magotini, na kila walipokwama ni yeye aliyeupiga mlango, maana kiganja chake, Buhendwa alisema, kilisikika mpaka Bugarama.

Feza alipofariki, injini haikukaa sana nayo ikanyamaza. Buhendwa aliliacha gari pale lilipozimikia, kando ya barabara ya juu, mbele ya vyumba vya kupanga vya rafiki yake Cubaka. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wapangaji wa Cubaka: chumba kimoja, hakina ua, hakina hata mahali pa kuanika shuka. Miaka ikapita. Majani yakaota kati ya magurudumu, na bado kila asubuhi alilifuta Pijo vumbi, akakaa kwenye usukani, na Cubaka akaja na chupa ya chai akakaa nyuma kama abiria. Kiti cha kulia hakukikalia mtu. Hakuna aliyekatazwa; kila mtu alijua tu.

Aliyelichukia gari hilo alikuwa Mukarugwiza, muuza sambaza, dagaa wa ziwani, na maharage kule mpakani Rusizi ya Kwanza, mama mwenye sauti ya kutosha soko zima. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo, pale barabara inapokata kona, nyuma ya ua wa miyenzi, yaani minyaa. Pijo lilikuwa limekalia mfereji. Kila mvua iliponyesha, maji yalikosa njia, yakaacha mfereji, yakashuka barabarani na kuingia jikoni kwake bila hodi. Alimwambia Buhendwa, Buhendwa akachukua jembe akachimba pembeni, mvua iliyofuata ikaziba palepale. Wakafika mahali pa kusalimiana kama watu waliokutana mbele ya polisi.

Lakini wakongwe wa mtaa walijua kwamba hasira ya Mukarugwiza ilikuwa na umri mkubwa kuliko mvua hizo. Siku moja ya soko, yeye akiwa bado msichana, alilisukuma Pijo pamoja na wengine, akateleza, akaanguka kwenye matope na gunia lake la maharage. Injini ilikuwa imeshika. Wote walikuwa wamepanda. Buhendwa akaondoka. Alipoulizwa baadaye alisema klachi ilikuwa imechoka, gari lingezima, na akageuza mazungumzo. Mukarugwiza alitembea mpaka mpakani kwa miguu na matope yake. Siku hizi mtu akiachwa barabarani anaita pikipiki, anavaa kofia ya kuazima iliyojaa jasho la wengine, anaondoka peke yake na hamkumbuki aliyemwacha. Wakati ule jambo kama hilo lilikumbukwa.

Basi mwaka mmoja mvua zilipoogelea tena jikoni kwake, Mukarugwiza alikwenda ofisi ya sekta akashtaki. Akaja Adrien, bwana wa usafi na barabara, mtu mpole mwenye koti la kung'aa, akalizunguka Pijo akiandika namba zake. Buhendwa alikuwa ndani, kwenye usukani.

"Mzee, hii gari ni ya nani?"

"Unaona muntu mwingine ndani?"

Adrien alicheka, kisha akaeleza kazi iliyomleta. Kulikuwa na sheria mpya ya mji. Gari lisilotembea, likiwa barabarani, mwenyewe anaambiwa aliondoe. Asipoliondoa, linapelekwa kwenye uwanja wa sekta, na kutoka pale linauzwa chuma chakavu. Gari lililo ndani ya kiwanja cha mtu ni jambo jingine: halimhusu yeyote, isipokuwa mwenye kiwanja akisema halitaki, hapo nalo linakwenda. Buhendwa alikuwa na muda mpaka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wa mwisho wa mwezi.

"Ulitie mu kiwanja chako, Mzee, na mambo yaishe," Adrien alimshauri.

"Niko na chumba. Mwenye anaingia mule ni kitanda na miye, na kitanda iko inalalamika."

Cubaka hakuwa na nafasi. Vyumba vyake vilibanana mpaka barabarani. Buhendwa aliuliza kwa fundi bati, akauliza kwenye gereji iliyo njia ya soko, akauliza hata kwa paroko. Wote walimsikitikia vizuri sana. Zamani gari likifa, watu walikuja kuuliza limekufaje, na wengine walibaki mpaka jioni kutoa pole. Sasa wanauliza litaondoka lini.

Ilipobaki siku moja, aliazima pampu kwa mtengeneza baiskeli, akaziba mipira, akayapaka magurudumu mafuta ya mawese kwa kuwa grisi hakuwa nayo. Cubaka alimuuliza kwa nini anajitaabisha kwa ajili ya chuma chakavu. Buhendwa akamjibu kwamba kama Pijo lazima liende, litakwenda kwa magurudumu yake, halitaburutwa kama mbuzi.

Asubuhi ya umuganda mtaa mzima ulitoka na majembe na makoleo. Gari la kuvuta mengine halikupatikana, kwa hiyo Adrien aliamua kwamba kazi ya siku hiyo ni kulisukuma Pijo mpaka uwanja wa sekta, chini ya kona, mkono wa kushoto. Akapanga watu kwa uangalifu. Wachache wangesukuma mpaka litoke mfereji. Wengi, wenye nguvu, wangeshika kamba nyuma na kulizuia, kwa sababu breki zilikuwa zimekufa kabla ya injini. Buhendwa angekaa kwenye usukani. Mukarugwiza, ambaye shauri lilikuwa lake na umuganda ni wa wote, alisimama upande wa kulia, mkono kwenye nguzo ya mlango, kanga imekazwa kiunoni, kama mtu anayetoa jino bovu.

Buhendwa alikalia kiti chake. Alitazama kiti cha kulia, kikiwa kitupu. Kisha, bila kufikiri, akatoa mkono dirishani akaupiga mlango kwa kiganja.

Hapo ndipo mpango wa Adrien ulipoharibika. Wazee waliokuwa pale walisikia mlio huo kwa mwili kabla ya kuusikia kwa masikio. Waliinama wakasukuma kama wana haraka ya soko. Pijo likanyanyuka kutoka mfereji, majani yakakatika, magurudumu yakazunguka, likaanza kushuka. Na lilipoanza kushuka, kila mtu akafanya alichofanya maisha yake yote gari likianza kwenda: akarukia nyuma. Walirukia waliosukuma. Wakarukia wa kamba, na kamba wakaitupa. Akarukia fundi bati na koleo lake. Cubaka, ambaye goti lake lilikuwa halipandi hata ngazi, alipanda. Vijana, ambao hawakuwahi kusukuma gari lolote, waliona wazee wao wakiruka, wakadhani ndiyo kazi, wakaruka nao.

Mukarugwiza alikuwa anakimbia pembeni, mkono ungali kwenye nguzo. Mlango wa kulia, ambao haukufunga sawasawa tangu zamani, ulifunguka wenyewe. Akaingia, akakaa, akaufunga. Walitazamana na Buhendwa. Kandambili moja ilikuwa imebaki barabarani.

"Ushike njia, Papa Buhendwa," alimwambia. "Usinitazame miye."

Pijo lilishuka pole, zito kwa mzigo wa watu, bila injini, likilia springi. Nyuma mtu alianzisha wimbo wa Kilingala wa enzi zile na wote wakaudaka. Buhendwa alipiga honi kwa mazoea. Haikulia, lakini watu kandokando walisogea na kupunga mikono. Adrien alikimbia nyuma akipiga filimbi. Kwenye kona Buhendwa aliuzungusha usukani kushoto kwa nguvu zote za mabega yake, na usukani, uliokaa miaka mingi ukitazama mbele, ulikataa. Pijo lilikwenda mbele. Likapita katikati ya ua wa miyenzi kama mgeni anayejulikana nyumbani, likasukuma migomba miwili, na kwenye udongo laini likasimama, pua yake hatua chache kutoka jikoni kwa Mukarugwiza.

Hakuumia mtu. Nyuma wimbo uliisha, watu wakaona walipo, na mmoja mmoja wakaanza kucheka. Buhendwa hakucheka. Alikuwa ameishika sheria ya Adrien kichwani: gari likiwa kwenye kiwanja cha mtu, mwenye kiwanja ndiye msemaji. Na mwenye kiwanja alikuwa amekaa pembeni yake, mguu mmoja peku.

Adrien alifika, pumzi zimemwisha. Akatazama ua uliobomoka, akatazama migomba, akainama dirishani.

"Maman, hapa ni kwako. Sheria inasema weye njo unaamua. Tuitoshe hapa ao ibaki?"

Mukarugwiza alipitisha kiganja juu ya dashibodi, akakitazama. Hakikuwa na vumbi. Kisha akamgeukia Buhendwa.

"Ile siku ya soko uliniacha mu matope."

Nyuma watu walisogea kusikiliza.

"Klachi ilikuwa imechoka, Maman," alisema Buhendwa. Akaushusha mkono kutoka kwenye usukani. "Na nilikuona mu kioo. Nikaendelea."

"Najua. Na miye nilikuona ukiniona."

Akautazama mlango wa jiko lake mbele ya kioo, karibu kiasi kwamba angeweza kuhesabu masufuria. Mabega yakaanza kumtikisika. Buhendwa alidhani analia, mpaka sauti yake kubwa ilipotoka, na ilikuwa kicheko.

"Lakini leo umenifikisha mpaka ku jiko," alisema. "Hata batu ba taksi habafanyake vile." Akamtazama Adrien. "Ibaki. Mayi haitakuja tena, mufereji uko wazi. Na juu yake nitaanika sambaza, paka zisifike."

Adrien aliuliza nani atarudisha ua wa miyenzi. Swali hilo halikuhitaji kikao: waliopanda wote walishuka wakarudisha, na baada ya ua wakainua migomba, na baada ya migomba wakalisogeza Pijo kando ya ukuta. Safari hii Adrien alisukuma nao. Barabara nyingine hazikufagiliwa siku hiyo, na sijui aliandika nini kwenye ripoti yake.

Pijo bado liko pale. Paa lake linameta sambaza, na kuku wametaga nyuma, mahali walipokaa maharusi. Asubuhi Buhendwa hushuka na kitambaa chake, akalifuta, akakaa kwenye usukani. Mukarugwiza hukaa kiti cha kulia akichagua maharage ya soko, sinia magotini pale palipokuwa mwavuli wa Feza, na wakati wa kwenda mpakani ukifika huupiga mlango kwa kiganja ili Buhendwa amsaidie kujitwika. Anayelalamika sasa ni Cubaka peke yake, kwamba chai inapoa njiani, na kwamba kilima kile, kwa mtu mwenye goti bovu, kilikuwa kifupi zaidi siku ile aliyokishuka akiwa amepanda.