Macho ya Darubini

Dereva huyu wenzake walimbandika jina la Darubini, na jina hilo hakuliokota njiani, alilitolea jasho. Enzi zake aliweza kuendesha gari huku anataniana na wageni, halafu ghafla akakanyaga breki na kusema, "Chui. Tawi la chini, pale mkia unaponing'inia." Wageni wanatoa macho, wananyang'anyana darubini za kweli, wanahangaika weee, mwisho mmoja anapiga ukelele na mwenzake anamfunika mdomo. Na hakuwa mchoyo. Akishaona anachukua redio anawaita wenzake, na magari yanakuja na vumbi lao, kila dereva anajifanya mbele ya wageni wake kwamba kamgundua yeye.

Kwenye redio madereva wa hifadhi ile wana lugha yao, maana mgeni akilisikia neno simba halafu simba asimkute, atasema ametapeliwa. Kwa hiyo simba ni wazee. Tembo ni lori. Chui ni bwana harusi, kwa sababu hutokea watu wote wameshachoka kumngoja.

Sasa macho hayohayo ndiyo yaliyomgeuka. Yalianzia pembeni, kimyakimya. Mkewe akimwekea chai kando ya mkono, yeye anaipiga kumbo inamwagika. Akipita mlangoni bega linagonga mwimo. Siku moja alimkanyaga mwanawe wa mwisho aliyekuwa amekaa sakafuni anachezea vifuniko vya soda, mtoto akalia, na Darubini akamfokea kwa kukaa njiani. Mkewe alimwinua mtoto, akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

Daktari wa macho hakumzungusha. Alimwambia ni presha ya macho, mshipa wa kupeleka picha kwenye ubongo umekufa sehemu kubwa, na kilichokufa ndiyo kimekufa. Matone ni ya kulinda kilichobaki. Kisha akaongeza, "Na gari uache." Darubini akaitikia, "Sawa, daktari," akatia chupa ya matone mfukoni, na kesho yake akaenda zake kazini kama aliyekwenda kung'oa jino.

Mtu mzima na akili zake! Lakini ngoja kabla hujamtia makosani. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya kampuni, vyumba viwili kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi nje ya geti, mkewe ameotesha maua kwenye makopo ya rangi mpaka majirani wanamwonea gere. Dereva aliyeacha udereva anafungasha virago, hana cha kujadili. Na zaidi ya usukani, Darubini hakujua kazi nyingine hata ya kubahatisha. Alikuwa anaogopa, basi.

Kampuni yenyewe ilikuwa inapima madereva macho. Kichekesho ni kwamba alifaulu! Wanakusimamisha mbele ya ukuta usome herufi, na mbele alikuwa anaona vizuri kabisa, alisoma mpaka zile za chini zinazofanana na chawa. Nesi akamsifu. Nani angemuuliza habari za pembeni? Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilicho ndani ya tundu anakiona mpaka nywele zake, kilicho kando hakipo duniani.

Waliojua, kwa hesabu zake yeye, walikuwa mkewe na shemeji yake tu, kaka wa mkewe, naye dereva palepale. Shemeji alikuwa akitangulia na gari lake, akiona kitu anamwambia kwenye redio: wazee wako kulia kwako, chini ya kichaka kilichokauka. Darubini anazungusha kichwa chote, anachungulia, anawapata, anawaambia wageni kwa sauti yake ya zamani. Wageni wanapiga makofi. Usiku anaporudi nyumbani hana hamu ya kula.

"Baba watoto," mkewe alimwambia asubuhi ya siku ninayoisimulia, "mwambie meneja ukweli. Akupe hata kazi ya stoo."

"Stoo nikafanye nini, nikawahesabie vikombe?"

"Na ukiua mtu?"

"Usiniletee uchuro asubuhi yote hii," akasema, akatoka bila kumalizia chai.

Wageni wake siku hiyo walikuwa mama mmoja mtu mzima na mwanawe wa kiume, fundi wa majokofu. Kijana alikuwa amejinyima ili mama yake naye aione hifadhi kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Mama alikuwa mcheshi sijapata kuona. Alivaa kofia ya mwanawe, akakaa kiti cha nyuma ya dereva kama malkia, akasema, "Dereva, simba mimi namjua wa kwenye mfuko wa unga tu. Leo nionyeshe anayepumua."

"Ondoa shaka, mama. Uko mikononi mwa Darubini."

Hawakwenda mbali. Walikuwa wanapita kwenye kichaka cha miiba, Darubini ametazama barabara, mara mama akamgusa bega taratibu. "Samahani, mwanangu. Lile jumba tulilolipita hapo kushoto, si lilikuwa na masikio?"

Darubini akapiga breki. Akageuza kichwa mpaka shingo ikalia, na kweli, tembo dume mzima, karibu kiasi cha kurushiwa ganda la ndizi. Alikuwa amelipita lori zima bila habari. "Nilikuwa nakujaribu, mama," akasema, "nione kama umekuja na macho." Mama akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kijana naye akacheka, ila akamtazama dereva kidogo kwenye kioo.

Jua lilipopanda, mama akaomba. Kwa adabu ya madereva, mgeni akibanwa na haja ndogo husemwa anataka kukagua tairi, na kuna utaratibu wake. Unasimama mahali peupe. Unatangulia kushuka wewe. Unakizunguka kichaka chote, unapiga makofi, unainama unatazama chini ya majani, unatazama na nyasi za nje. Ukiridhika unasema neno moja, salama, halafu unasimama umempa mgeni mgongo. Neno hilo hulisemi kwa kubahatisha. Mgeni haulizi mara mbili, anaamini anashuka.

Shemeji siku hiyo alikuwa mbali, upande wa mtoni, hayupo wa kumtazamia. Darubini akashuka. Akazunguka, akapiga makofi, akainama. Aliona udongo, aliona mizizi, aliona kopo la zamani. Nyasi za nje alizitazama vipandevipande, kipande hiki, kipande kile, na katikati ya vipande sijui aliacha kipi, kwa sababu mama alikuwa ameshaita, "Dereva, tairi inapasuka huku!" na yeye akacheka akasema, "Salama, mama. Shuka."

Mama akaenda nyuma ya kichaka. Kijana alikuwa amesimama garini, kichwa kimetokeza kwenye paa lililofunguliwa.

"Dereva," akasema, na sauti haikuwa yake. "Kuna kitu pale."

"Wapi?"

"Si pale! Kwenye nyasi, pembeni yako! Humwoni?"

Hakumwona. Alizungusha kichwa, akapata nyasi, akapata tairi, akapata nyasi tena, mbingu, nyasi. Halafu akapata sikio. Chini ya sikio, jicho. Simba jike alikuwa amelala kifudifudi, kidevu ardhini, mkia unapigapiga, na alikuwa hamtazami Darubini. Alikuwa anatazama nyuma ya kichaka.

Hapo ndipo alipoijua adhabu yake. Macho yale hayakumruhusu kuwaona wote wawili. Akimtazama mama, simba anapotea. Akimtazama simba, mama hayupo. Akamchagua simba. Akamkazia macho, akapiga hatua za pembeni, polepole, akajiweka katikati, na akasema na mama bila kumwona.

"Mama, usikimbie. Simama taratibu, rudi garini. Usinitazame mimi, tazama gari."

"Sijamaliza, baba."

"Mama, njoo hivyohivyo!"

Akasikia kitambaa, akasikia kiatu. "Yuko wapi?" akamuuliza kijana bila kugeuka. "Mama yako, yuko wapi sasa?"

"Nyuma yako. Anakuja. Amejikwaa. Dereva, amejikwaa!"

Simba akainuka. Alikuwa mkubwa kuliko alivyolala, na nyuma yake nyasi zikatikisika, vitoto. Darubini akanyanyua mikono, akapiga kelele ambayo hakujua anayo, akapiga na mguu chini. Simba akaja mbio, akasimama karibu mno, vumbi la miguu yake likamwingia dereva mdomoni. Akanguruma. Darubini hakusogea. Simba akageuka, akaondoka kwa hasira, na alipotoka kwenye tundu lile la ufunguo, akawa hayupo tena.

Kijana alikuwa ameshamvuta mama ndani. Darubini akaingia, akafunga mlango, akavuta paa.

Mama alikuwa analia na kucheka, gauni limejaa vijiti. "Umeniokoa, mwanangu. Mungu akupe umri! Nitawasimulia mpaka wachoke."

"Ulikuwa umeshamwona, ukauliza wapi ili mama asikimbie, siyo?" kijana akauliza. "Ndiyo maana ukasimama upande ule."

Jamani, mlango ulikuwa wazi wa kutokea. Angeitikia tu. Angesema ndiyo, habari ingefika kwa meneja ikiwa ya shujaa, na ile nyumba yenye maua kwenye makopo ingebaki yake sijui mpaka lini. Alifungua mdomo aseme ndiyo. Kilichotoka ni kilio, kilio cha mwanamume mzima, kamasi na kila kitu, mpaka mama akaacha kulia akamshangaa.

"Sikumwona," akasema. "Mama, mimi sioni. Nimekuambia salama, na mimi sioni."

Akachukua redio. Hakutafuta njia ya pembeni ya kumpata shemeji peke yake, alisema kwenye ile wanayosikia wote, hadi ofisini. "Huyu ni Darubini. Naomba gari lije liwachukue wageni wangu. Siwezi kuendesha. Macho yangu yamekufa."

Mara shemeji akaingia hewani, anasema kwa haraka, "Shemeji, funga redio. Meneja anasikia."

"Asikie."

"Shemeji, tulia. Sisi wote tunajua. Wenzako wote wanajua, tangu mwaka jana. Kwani unadhani anayekusafishia njia ni mimi peke yangu? Tunapokezana. Usijimalize bure, nakuja."

Darubini akakitazama kile kidude mkononi kana kwamba kimemuuma. "Mnajua?" akasema. "Mnajua wote, na kila asubuhi mnaniangalia napakia watu?"

"Tulikuonea huruma, ndugu yetu."

"Huruma gani hiyo? Huruma gani, shemeji, ya kumpa kipofu mama wa watu?"

Ikaja sauti ya meneja, kavu, ikimwagiza shemeji afuate wageni, na ikimwagiza Darubini azime injini, atoe ufunguo, asiuguse tena usukani. Darubini akatii. Akautoa ufunguo, akampa kijana aushike, kwa sababu hakujiamini nao.

Wakakaa wakingoja, madirisha yamefungwa, joto limewashika. Kijana alikuwa amemkumbatia mama yake na hamwangalii dereva. Mama hakuwa na utani tena. Alikaa mikono mapajani, mara akahema, mara akajipangusa uso, mwishowe akauliza kwa sauti ndogo.

"Dereva, yule simba ameondoka?"

Darubini akageuza kichwa upande wa kioo, akatafuta, akatafuta tena.

"Sijui, mama," akasema. "Muulize mwanao."