Swali la Sauti

Kabla watu hawajaanza kushuka kutoka milima ya juu wakikimbia vita, nilikuwa nimeitengenezea kwaya ya parokia yetu ya Uvira programu ndogo ya mtandaoni. Kila mwimbaji aliandikwa jina, kijiji, simu, na sauti anayoimba. Shule zilipojaa wakimbizi, paroko aliniomba ukurasa wa mtandaoni ambamo ndugu wangeweza kuwatafuta watu wao. Umeme ulikuwa unakuja na kukatika, kwa hiyo sikuandika kitu kipya. Nilinakili programu ya kwaya nzima nzima, fomu, orodha na sehemu ya kutafutia, nikabadili kichwa na rangi, nikamkabidhi dada yangu mkubwa aliyekuwa akiandikisha watu darasani.

Asubuhi ya kwanza, mama mmoja mzee aliketi mbele yake. Dada alimsomea maswali jinsi yalivyofuatana. Jina. Kijiji. Kisha, bila kufikiri: "Unaimbaka sauti gani?"

Nilikuwa nimesimama kando yao, nikaona aibu. Nilikuwa nimesahau kuliondoa swali lile, na bila jibu programu ilikataa kuhifadhi.

"Ya pili," mama akajibu taratibu. "Tangu niko msichana."

Nilimwomba radhi, nikamwambia ni kosa langu, nitalifuta sasa hivi.

"Acha tu, mwanangu. Tangu nishuke, kila mtu ananiuliza nani amekufa. Weye umeniuliza naimba nini."

Dada aligeukia dirishani. Sikulifuta. Nililegeza tu lile sharti la kujibu, lakini karibu wote walijibu, hata waliosema hawajui kuimba kabisa.

Siku chache baadaye mwanamke aliyeolewa huko Bwegera alinipigia simu. Alikuwa amefungua ukurasa kwenye simu yake, akakuta wanawake wanne wa jina moja na kijiji kimoja.

"Huyu wa sauti ya pili ni mama yangu," alisema. "Iko mzima?"

"Iko mzima. Nilimuona leo."

Kesho yake alifika kwa pikipiki, nyusi zimejaa vumbi. Walikumbatiana. Kisha binti akaomba beseni la maji, akapiga magoti kwenye kizingiti cha darasa, akaanza kumwosha mama yake miguu iliyopasuka kwa safari. Mama alikuwa akimuuliza habari za wajukuu, mmoja mmoja. Mimi nilikwenda kuwatafutia sabuni.