Bibi Futi na Mchanga wa Barazani

Palikuwa na fundi cherehani mstaafu aliyeishi jirani na ufukwe, watu wakimwita Bibi Futi. Jina alilipata dukani kwake, maana hata aliyeingia kuulizia njia alipimwa kiuno kwanza. Alipofunga duka, mikono ikamuwasha. Basi kikundi cha kujitolea kilipotafuta watu wa kupima jinsi bahari inavyoumega ufukwe, yeye alitangulia kufika, futi ikining'inia shingoni.

Wakacheka, wakampa utepe mrefu wa kupimia viwanja. Kila Jumapili alipima kutoka kwenye vigingi vilivyopigwa na kikundi hadi ukingo ambapo majani yanakoma na mchanga mtupu unaanza. Kisha alitazama watu wanafanya nini: nani kawasha moto, nani anachota mchanga, nani anapitisha pikipiki juu ya majani.

"Kutazama tu, mama," waliomweka kazini walisisitiza. Nani atatazama tu, naye ana mdomo?

"Wewe baba, shusha hiyo pikipiki! Majani hayo ndiyo yanayoshika mchanga. Au kwenu mnaendesha hadi sebuleni?"

Wapenzi waliokaa juu ya majani walikunja mkeka wakimwona kwa mbali.

Mumewe, kinyozi wa zamani, hakuchoka kumtania. "Mke wangu, bahari nayo unaipima suruali?"

Jumapili moja Bibi Futi alikuta shimo pembeni mwa vigingi, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Mawimbi hayachimbi kwa koleo. Akaapa mbele ya wenzake kwamba mwizi wa mchanga huo atamtoa hadharani, awe nani awe nani.

Kesho yake akitoka sokoni, akamkuta mumewe amesimama barazani, kifua mbele. Baraza lililobomoka miaka nenda rudi lilikuwa limesakafiwa upya. Bibi Futi akainama kusifu, akaona kitu kinang'aa kwenye saruji. Akakibandua kwa ukucha: kombe dogo la baharini.

"Baba watoto, mchanga huu wa wapi?"

"Mchanga ni mchanga."

"Na kombe hili lilikuja kwa miguu yake?"

Mzee akajikuna kisogo. "Ndoo chache tu. Na aliyenipigia kelele za baraza kila uchao ni nani, kama si wewe?"

Bibi Futi akalitia kombe mfukoni, akaingia ndani. Alilala na moyo mzito. Angenyamaza, nani angejua? Lakini kila alipowakumbuka wale wenye mikeka, uso ulimwiva kwa aibu.

Kikundi kilipokutana tena, akasimama. "Yule mchimbaji nimempata. Ni wa kwangu."

Walicheka hadi mwenyekiti, mwalimu mmoja mpole, akavua miwani afute machozi. Mzee akahukumiwa kufukia shimo, kupanda majani juu yake, na kushika ncha ya pili ya utepe.

Alikuja amenuna, kofia imefunika nyusi. Lakini majani yake yalipoanza kushika, akawa mkali kuliko mkewe; hata mbwa akikatiza pale, alifokewa.

Bahari bado inamega, ila pale inamega kwa shida. Wawili hao sasa hupima pamoja, wakizozana ni zamu ya nani kulowa miguu, na mwenyekiti amewapa upande wa mwisho kabisa wa ufukwe, ili wengine wafanye kazi kwa amani.