Kidonge cha Asubuhi Mlangoni Kwangu

Zahanati yetu ilikuwa Bigwa, pale njia inapoanza kupanda mlima. Nilikuwa muuguzi msaidizi, gauni jeupe limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na nilijiona kweli. Mimi ndiye niliyeshika kadi za uzazi wa majira. Mwanamke akitaka vidonge, sharti mumewe atie sahihi kwanza. Sharti hilo nililisimamia kwa ukali kuliko hata aliyelitunga. Na wakati huohuo, kadi yangu mwenyewe ilikuwa na sahihi ya mume wangu niliyoiandika mimi, kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usifanane na wangu. Mwenyewe alikuwa kazini Dar es Salaam, wala hakujua kama kuna kadi.

Basi akaja mama mmoja mkimbizi kutoka Msumbiji. Alikuwa rika langu lakini ana watoto watano, na yule wa mwisho alimtoa damu hadi tukadhani tumempoteza. Mkunga alimwonya waziwazi kwamba akibeba mimba nyingine huenda asiinuke. Nikamwambia alete sahihi ya mumewe.

"Hataki, dada," alisema. "Anasema vita imetumaliza, sasa sisi wanawake kazi yetu ni kuzaa waliokufa warudi. Na chumba chetu kimoja, sanduku moja, hata nikificha ataona."

Nilimrudisha nyumbani mara mbili. Mara ya tatu nikaona haya, ila si haya ya kutosha kumwandikia sahihi kama nilivyojiandikia. Nilichofanya ni kuchukua pakiti zake kwa jina langu na kuziweka nyumbani kwangu, ndani ya kopo la majani ya chai. Kila alfajiri, akienda shamba la kijiji na jembe begani, alipita mlangoni. Nilimpa kidonge na maji ya kata, akameza akiwa amesimama, akasema asante, akaenda zake. Tulikwenda hivyo miezi saba. Nilijisifu moyoni mpaka basi.

Kisha ikaja habari kutoka kwetu mlimani kwamba binti wa dada yangu anatolewa mwali. Amekaa ndani muda mrefu, sasa anatoka, atabebwa mabegani na watu wote wamwone. Mama mdogo hakosekani siku kama hiyo. Nikafunga kanga zangu, nikatia kufuli mlangoni, nikapanda mlima nikiimba. Ningeweza kumfungia vidonge vyake kwenye upindo wa kanga, au hata kupita kwake nikamwambia. Sikumkumbuka kabisa.

Nilimkumbuka siku ya pili, ngoma imepamba moto, nimepakwa unga usoni. Kushuka Bigwa ni mwendo wa nusu siku tu. Nikajiambia siku mbili tatu hazidhuru kitu, nikarudi kucheza. Muuguzi mzima, ninayejua vidonge vile vinataka kumezwa kila siku bila kuruka, nilijidanganya hivyo kwa sababu ngoma ilikuwa tamu. Nilikaa siku sita.

Niliporudi nilikuta uwanja wangu umefagiwa vizuri na fungu la majani ya maboga limewekwa kizingitini. Nikadhani ni jirani. Yule mama hakuja tena alfajiri, nami sikumfuata. Nilisema labda wamehamia Mafiga.

Niseme mapema kwamba hakufa. Alijifungulia hospitali kubwa, akaongezwa damu, akapona. Hilo ni la Mungu na la madaktari, mimi simo.

Lakini kabla ya hapo alikuja zahanati, tumbo limeshaonekana, akakaa kwenye benchi na wenzake. Muuguzi mkuu alimtambua. Akauliza kwa sauti, mbele ya kina mama wote, kama huyu hakuelezwa uzazi wa majira.

"Alielezwa," nilijibu. "Amepuuza. Hawa wakimbizi hawasikii."

Wanawake wakacheka kidogo. Yeye alikuwa amenitazama, akainamisha macho. Neno moja tu kutoka kwake lingenifukuzisha kazi, maana pakiti za jina langu zilikuwa daftarini. Hakulisema.

Ikafika zamu yake kupimwa. Alilala kitandani, nami nikamwinamia na utepe wa kupimia tumbo, nisijue niangalie wapi. Akanong'ona, "Dada, ulirudi salama? Nilikuja kila siku nikakuta kufuli. Nikajua umefiwa. Nikawa nafagia uwanja, usije ukarudi na msiba ukakuta uchafu. Kisha nikaona haya kukusumbua na vidonge ndani ya msiba."

Hapo ndipo ningesema kweli. Mdomo wangu ukasema, "Ndiyo. Nilifiwa."

"Pole sana, dada yangu," akasema, akaushika mkono wangu uliokuwa na utepe, akauweka juu ya tumbo lake, na machozi yakamtoka kwa ajili yangu.