Plastiki au Alumini

Ninyi vijana mtakaosoma haya, siku ile nilikasirika kwelikweli. Mjukuu wangu, mwenye leseni ya kuwinda nguruwe pori, alikuja kwangu hapa Guildford, ugenini tulikokimbilia, baada ya ibada, akanionyesha kwenye simu bodi mbili, yaani viunzi vya kubebea mtutu, za bunduki anayotaka kuundiwa.

"Bibi, ya plastiki ni nyepesi, ya alumini inadumu. Chagua moja, halafu uiombee kama ulivyoombea gari yangu."

Aniambie hivyo mimi niliyekimbia bunduki, mama yake nimembeba mgongoni!

"Ile iliyomuua babu yako sikuishika nijue uzito wake," nilimwambia.

"Hii ni ya nguruwe tu, Bibi," akasema, huku akicheka.

Nikaigeukia familia yote iliyokuwa mezani ikingoja chakula. "Bunduki isivuke mlango huu, na mtu wa nyumba hii asiiombee. Naweni mikono tule."