Kidudu cha Dídimo

Eneida Pittí alikuwa na ugonjwa mmoja uliomponza maisha yake yote: hakuamini kitu alichokiona mara moja tu. Mlango akishaufunga, hurudi kuusukuma. Chumvi akishaionja, huonja tena, mpaka mchuzi upoe. Nyumbani tabia hiyo iliwachosha watu, lakini kazini, alikokuwa mwalimu wa wadudu katika chuo cha mkoani, pale mjini David, iliitwa umakini, na alisifiwa kwayo hadi ikamharibia.

Vidudu vyake vilikuwa vya mtoni, na usivitafutie ukubwa. Buu huishi majini juu ya mawe, ndani ya kifuko linachojishonea lenyewe kwa hariri ya mdomoni. Likishakomaa hutoka na mbawa zenye manyoya, mfano wa nondo, ila ni nondo asiyezidi punje ya ufuta. Huyu ni kahawia na jirani yake ni kahawia, na majike ndio kabisa, huwezi kumjua huyu wala yule. Anayejulikana ni dume, tena si dume mzima bali ncha ya mkia wake, mahali anapomshikia jike. Kazi ni kuikata ncha hiyo chini ya hadubini, kuichemsha kwenye magadi makali mpaka nyama iyeyuke libaki ganda, kisha kulichora ganda kila upande, kila ndoano na kila mwiba. Mwiba ukipinda tofauti na yote iliyowahi kuchorwa, hapo umepata kitu kipya, na aliyekipata ana haki ya kukipa jina.

Mdogo wake, Dídimo, aliyekuwa akikamua ng'ombe wa watu kijijini kwao Cañas Viejas, hakuchoka kumtania. Dada alipokuja na vifaa vyake kutoka mjini, yeye ndiye aliyevibeba.

"Hebu nieleze tena, Mwalimu," alimwambia, betri ya gari begani. "Mama aliuza ndama, wewe ukasoma mpaka macho yakaharibika, yote hayo ili uje kuwachungulia nzi chini ya mkanda?"

"Si nzi."

"Hata kama si nzi. Nao wana aibu zao, maskini."

Waliweka sinia jeupe la spiriti juu ya jiwe kubwa katikati ya mto Cenizo, na juu yake taa ya zambarau. Giza likianza kuingia, vidudu huifuata taa na kudondokea siniani. Jioni moja ya Aprili betri ya Dídimo ilikuwa imekufa, akaazima ya jirani yao, Bi Griselda. Kijijini kulikuwa kukavu. Lakini huko juu kwenye volkano mvua ilikuwa ikimwaga, na mtu wa mkoa wetu wa Chiriquí anajua maana yake. Maji hushuka yote kwa mkupuo mmoja, na sisi huyaita kichwa cha maji. Dídimo ndiye aliyeona kwanza majani yakielea na mto ukigeuka rangi ya kahawa ya maziwa.

"Tunaondoka," akasema. "Nachomoa betri. Wewe shika taa."

"Sinia kwanza!" Eneida akapiga kelele. "Mimina sinia kwenye chupa kwanza, betri baadaye!"

Akamimina. Alimimina vizuri bila kumwaga tone, kwa sababu alijua akimwaga atasemwa mwezi mzima. Akampokeza chupa dada yake pale ukingoni, kisha akarudi kwenye jiwe, maana betri ilikuwa ya watu. Mto ukamchukua yeye na betri na sinia. Wanaume wa kijiji walitafuta mpaka mto unapoingia baharini, wakarudi na buti moja la mpira.

Mama yao, Bi Eudosia, hakupata mwili wa kuzika. Akasimamisha msalaba wa mbao pale ukingoni, mafuriko ya mwaka huo yakaung'oa. Akachongesha mwingine mzito zaidi, nao ukaenda.

"Sichongeshi tena," akasema. "Huo mto hautaki mwanangu awe na mahali."

Wakati huo Eneida alikuwa ameshaifungua ile chupa, akilia na kuchambua, akichambua na kulia, mpaka akamkuta dume mmoja mwenye mwiba uliojikunja kama sikio la mbuzi, ambao haumo katika mchoro wowote duniani. Akaenda kijijini siku hiyohiyo.

"Mama, Dídimo atapata mahali," akasema. "Kile kidudu alichonishikia ni kipya. Nitakiita jina lake. Jina la mdudu likishachapishwa halifutiki, hata aje nani."

"Hata maji?"

"Hata maji, mama."

Bi Eudosia hakuwa mtu wa kukaa na neno. Akamwambia padre, akamwambia muuza mkate, akawaambia waliokuja kwenye misa ya mwaka ya marehemu. Kijiji kizima kikajua kwamba mwanawe anaingia vitabuni. Kila mwaka, baada ya misa, watu wakiwa na sahani zao za supu ya kuku, lazima mmoja angeuliza: "Eneida, kile kidudu cha Dídimo kimefikia wapi?" Naye angejibu kwamba bado kidogo.

Bado kidogo ya nini? Ugonjwa wake ule. Dume alikuwa mmoja tu. Itakuwaje kama mwiba umejikunja kwa sababu huyu alizaliwa kilema? Akataka wa pili. Kila kiangazi alirudi Cenizo na sinia jipya, akipanga taa kwenye jiwe lililomwua ndugu yake, na kila kiangazi akaambulia majike. Wenzake wa kazi hiyo huandika kwa dume mmoja na hakuna aliyewahi kufungwa kwa kosa hilo. Yeye akangoja. Miaka ikapita, mama akazeeka, na ncha ya mkia wa kidudu ikaendelea kukaa ndani ya tone la gliserini, tayari, imeshachorwa kila upande.

Jambo la pili lililomharibia halikuwa lake peke yake. Waliosoma kazi hiyo chini ya Profesa Leovigildo Tuñón, kule makumbusho ya jiji kuu, walifundishwa kwamba jina halitamkwi mbele ya wenzako kabla halijachapishwa. Ukilitamka, mtu atalidondosha mkutanoni, mwingine ataliweka gazetini bila maelezo wala mchoro, na jina lako litabaki linazagaa halina mwenyewe. Wanafunzi wa Tuñón walikuwa wakitambulika kwa kuuma midomo. Kwa hiyo kijijini, ambako hakuna aliyejua kazi hiyo, jina la Dídimo lilisemwa hata na watoto, na kwa wenye kazi hakuna aliyewahi kulisikia.

Siku moja Eneida alimpelekea Tuñón ule mchoro, amtazamie kama kuna mahali alipowahi kuuona mwiba kama ule. Mzee alishastaafu, anasogeza karatasi karibu na pua ili aone.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Cenizo, Profesa. Mmoja tu. Nangoja mwenzake."

"Umeshampa jina?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mbele yake alikuwa mwalimu wake, mtu ambaye angefurahi kulisikia na kufa nalo. Akaumeza ulimi.

"Bado, Profesa."

"Safi sana," mzee akasema, akacheka. "Wewe ndiye uliyenisikiliza kuliko wote."

Alipoondoka, mzee akakumbuka chupa zake za ujanani, zilizojaa vidudu vya mto mwingine upande wa pili wa mlima, ambazo hakuwahi kuzichambua. Akazichambua kwa macho yale mabovu. Akakuta madume, tena si mmoja, wote wana mwiba uleule. Basi hakikuwa kilema. Kitu ambacho Eneida alikitafuta kila kiangazi kilikuwa kimekaa kabatini mwa Tuñón tangu yeye hajaanza chuo.

Mtu mwovu angeiba. Tuñón hakuwa mwovu, na ndiyo maana habari hii inauma zaidi. Alijua Eneida kangoja mno, akadhani amekikatia tamaa, na alitaka kabla ya macho kuzimika kabisa amfanyie mwanafunzi wake jambo moja la kukumbukwa. Akaandika, akachora, akatuma kwenye jarida la wataalamu, akamnyima habari ili iwe zawadi ya kushtukiza.

Alikuja David kwa basi la alfajiri, amepakata jarida na keki. Walimu wakakusanyika, mkuu wa idara akasema maneno mengi, mpiga picha wa gazeti akaitwa. Mzee akamfungulia ukurasa kwa mkono wake. Kidudu kilikuwa pale, mwiba umejikunja, na juu yake jina kwa Kilatini cha wasomi: *eneidae*, yaani wa Eneida.

Watu wakapiga makofi. Eneida akaangalia mchoro, halafu jina, halafu mchoro. Uso ukamwisha damu. Kila mtu akasema furaha imemzidi.

Alipompata mzee peke yake, mlangoni mwa maabara, alimshika mkono wa koti.

"Kilikuwa cha Dídimo," akamwambia.

"Dídimo nani?"

"Ndugu yangu. Alikufa akinipa ile chupa. Nilikuwa nakiita kwa jina lake."

Mzee akasimama. "Mbona hukuniambia, mwanangu? Nilikuuliza! Nilikuuliza kwa kinywa changu, umeshampa jina? Ungesema neno moja ningeandika hilohilo. Mimi ningekataa?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha tusiseme!"

"Si kwangu!" mzee akalia. "Kwa wezi, Eneida. Si kwangu."

Hapakuwa na la kufanya. Katika kazi hiyo jina la kwanza kuchapishwa ndilo jina, la pili ni takataka, hata likiwa la haki. Mzee, akifuta macho, akamwambia mito ni mingi, atapata kidudu kingine ampe Dídimo.

"Dídimo alikufia mto mmoja tu," Eneida akasema, akamwacha pale na keki yake.

Misa ya mwaka iliangukia juma lililofuata. Redio ya mkoa ilikuwa imeshamtangulia kijijini. Alimkuta mama jikoni akikanda unga wa maandazi mapana tunayowakaangia watu wanaotoka misani. Mama hakuinua uso.

"Redio imesema kidudu kimepata jina."

"Mama, nisikilize kwanza."

"Nikadhani masikio yangu mabovu. Nikamwuliza Griselda. Griselda kasema ndiyo, Eneida, hongera mama Eneida."

"Si mimi niliyekiita. Ni Profesa, alitaka kuniheshimu. Katika kazi yetu mtu hakipi kidudu jina lake mwenyewe, mama. Ni aibu kubwa, hakuna anayefanya hivyo."

"Nani hapa Cañas Viejas anazijua aibu za kazi yenu?" Mama akaupiga unga kwa kiganja. "Miaka yote nawaambia ni cha Dídimo. Padre nimemwambia. Leo watakaa pale barazani wananitazama. Niwaambieje? Kwamba mwanangu alikufa akimwokotea dada yake jina?"

Eneida hakuwahi kumwambia mama kuhusu lile neno, sinia kwanza. Mama alijua tu kwamba Dídimo alirudi kuchukua betri ya jirani. Lakini pale jikoni Eneida alihisi kwamba mama analijua, na kwamba amelijua siku zote. Akavuta kiti, hakukaa.

Akafungua mkoba, akatoa kichupa chenye spiriti, kilichohifadhi mwili wa kile kidudu. Alikuwa amekitoa chuoni kwa siri, jambo ambalo asingemsamehe mwanafunzi yeyote. Katika jarida kidudu hiki hakikutajwa hata kidogo, maana Tuñón aliandika kwa madume yake mwenyewe.

"Huyu hapa, mama. Huyu ndiye mwenyewe aliyeshikwa na Dídimo. Na kuna kijikaratasi humu ndani, kimeandikwa mto, na siku ile, na jina la aliyemkamata. Dídimo Pittí. Soma."

Bi Eudosia akapangusa mikono kwenye aproni. Akakipokea kichupa kwa vidole viwili, akakipeleka dirishani. Akakisogeza karibu, akakiweka mbali, akafumba jicho moja.

"Inua kidogo, mama, kwenye mwanga."

"Nimeinua."

"Huko chini, pembeni ya karatasi."

Mama akatazama tena, kwa muda mrefu, na kwa subira ambayo Eneida hakuistahili.

"Hamna kitu humu, Eneida," akasema, akamrudishia.

Kengele ilikuwa imeshalia, na sauti za watu zilikuwa zikipanda njia kutoka kanisani. Bi Griselda ndiye aliyetangulia kufika, akagonga mlango uliokuwa wazi na kupaza sauti ya furaha: "Hodi jamani! Yuko wapi huyo mwenye kidudu chake?"

"Yumo humu," mama akajibu, akarudi kwenye unga wake.