Joka Nililomsomea Nyanya

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alikuja kutoka Kisii mjini akanikuta barazani nikichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu. Anafanya kazi ofisini, na siku za mapumziko huongoza kundi la wasomaji kwenye simu. Alivua viatu, akajivutia fungu la mboga, akaniita kwa Ekegusii, kama mtu anavyomwita nyanya yake, "Magokoro, tunatengeneza orodha. Kila mtu anataja riwaya ya fantasia anayoipenda kuliko zote, na mwandishi wake. Wewe nikuandikie nani?"

"Andika hakuna."

"Haiwezekani! Zangu zote umezisoma."

Ni kweli nimezisoma. Mungu ameniachia macho, na subira kanipa zaidi ya mahitaji yangu, kwa hiyo kila alichoniletea nimekifikisha mwisho. Nikuambie basi, msomaji wangu, tuliozeeka pamoja: sijaona upuuzi uliovaa jalada zuri namna ile. Ukurasa wa kwanza ni ramani, kana kwamba tunagawana shamba. Kisha watu wenye majina ya kukohoa wanapigania kiti kwa kurasa mia sita. Jeshi zima linatembea miezi, linakula, linashiba, na hakuna aliyepanda hata shina moja la ndizi. Farasi hawaugui. Hakuna anayekamua ng'ombe. Mwandishi akichoka kufikiri, analeta mchawi. Akichoka na mchawi, anakuambia usubiri kitabu cha tano, ambacho hakijaandikwa. Na hao wasomaji! Wanamtetea mwandishi wasiyemjua kuliko wanavyomtetea mama mkwe. Mmoja kwenye hilo kundi aliandika kwamba joka fulani lilimfundisha kusali. Nilimhurumia mchungaji wake.

"Hata utotoni hukuwa na moja?" mjukuu akauliza.

Nilikuwa nayo moja. Sikuwa nimewahi kumsimulia mjukuu yeyote; siku hiyo nikamsimulia.

Tulikuwa tunakaa karibu na Ekerenyo, mimi na nyanya yangu, katika nyumba ya mabati iliyonguruma mvua ya mawe ikinyesha hata usisikie mwenzako. Siku za wiki tulichuma majani chai tangu umande, tukakimbilia lori la kuyachukua, tukarudi kukata majani ya ng'ombe. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenye harufu nzuri kuliko zote, kwa sababu Sabato hatukuwasha moto wa kupika. Chinsaga ilichemka na maziwa tangu asubuhi mpaka uchungu ukalainika. Viazi vitamu vilifunikwa kwa majani ya mgomba. Na Sabato yenyewe, tukishatoka kanisani na kula vilivyopoa, alasiri ilibaki tupu na ndefu. Nyanya aliketi kwenye kigoda chake mlangoni, akafunga kilemba upya, akaniambia nimsomee. Yeye hakujua kusoma. Alisema mimi ndiye macho yake.

Nilikuwa darasa la saba nilipopata kitabu kile. Shangazi yangu alifua nguo kwa familia fulani ya kigeni mjini, nao walipohama walimwachia masufuria, mapazia na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada wala mwisho. Kilikuwa na mnyama mwenye mabawa, kisima, na msichana mwenye kioo. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba mnyama wa namna hiyo kwa Kiswahili ni joka. Basi Sabato moja nilikuwa nakisoma kimyakimya pale mlangoni, nyanya akaniambia nipaze sauti. Nikaanza kumgeuzia kwa Ekegusii, na nilipofika kwa mnyama nikakosa neno, nikasema tu, "Joka."

Nyanya akaketi wima. "Joka. Hapo ni mwishoni mwa Maandiko, kwenye wale wanyama wa vichwa vingi. Endelea, mtoto, polepole."

Kwake kitabu kilikuwa kimoja tu duniani. Ningemwambia kwamba hiki sicho, ingechukua pumzi moja. Lakini alisikiliza kwa namna ambayo hakuwahi kusikiliza zile nasaba nilizomsomea kabla, mkono shavuni, akiitikia "ee" kila joka lilipotikisa mabawa. Nikaendelea. Sabato nne tuliendelea.

Lazima ujue nyanya alikuwa nani. Mwanamke akishikwa na uchungu wa uzazi, mtoto akiugua, aliitwa yeye aje aombe. Na kila mwezi, wakati wa ushuhuda, alisimama, na hata wazee waliosinzia waliamka. Hakuwa na shamba la kusifiwa wala mwana aliyeajiriwa. Alikuwa na ule wakati wa kusimama, basi.

Sabato ya tano akasimama. Akamshukuru Bwana kwa mvua, kisha akaanza kusimulia jinsi joka lilivyozingira kisima, na jinsi msichana alivyolionyesha sura yake mwenyewe kwenye kioo, likaona aibu. "Hata sisi," akasema, "tungejiona tulivyo, tungeondoka kwenye visima vya watu."

Hadi leo nimesikia mahubiri mengi, na hayo naona yalikuwa mazuri. Lakini nyuma yangu mama mmoja akanong'ona kwa nguvu, "Kioo! Kumbe mbinguni nako wanachana nywele?" Kicheko kikapita kwenye mabenchi.

Mzee wa kanisa akainuka. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, ubarikiwe. Hiyo ni sura ya ngapi, tuifungue pamoja?"

"Sura mimi sizijui, baba. Muulize huyu mtoto. Ndiye anayenisomea."

Kanisa lote likanigeukia. Nilikuwa nimevaa gauni jipya lenye mkanda, na wasichana wa darasa langu walikuwa benchi la mbele. Nikasema, kwa sauti iliyosikika vizuri sana, "Mimi sijamsomea hayo. Ni hadithi zake za mazimwi."

Nyanya hakunikana. Alikaa chini, akanyoosha leso yake magotini. Mzee wa kanisa alimwomba kwa upole apumzike kidogo na ushuhuda, na kidogo hicho hakikuisha. Wanawake walioshikwa na uchungu wakaanza kumwita mama mwingine. Nyanya akahamia benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali pa wanaochelewa.

Nilingoja kiboko wiki nzima. Sabato iliyofuata, baada ya kula, akaweka kigoda mlangoni.

"Lete kile kitabu."

"Nyanya, si Maandiko."

"Nilijua kanisani, ulipofungua mdomo. Kilete tumalize. Tumeliacha joka kisimani."

"Kurasa zimechanika. Hakina mwisho."

Akafikiri kidogo. "Basi nitamaliza mimi. Joka lilipoona aibu, likapiga magoti, likamwomba yule msichana uji wa wimbi, kwa maana lilikuwa na njaa tangu—"

"Majoka hayali wimbi," nikasema.

"Wewe umeliona wapi likila?"

Alicheka. Mimi nilikuwa nimenuna. Nilikuwa na hatia, na mtoto mwenye hatia ana dharau kubwa. Niliona ni upuuzi wa mwanamke asiyejua kusoma anayekiharibia kitabu mwisho wake. Nikachukua masufuria nikaenda nayo uani, nikayasugua kwa majivu, siku ya Sabato, nikiyagonganisha makusudi nisimsikie. Sauti yake ilikuja kidogokidogo kati ya mlio na mlio. Alisimulia mpaka mwisho, peke yake, mlangoni. Niliporudi alikuwa ameshanyamaza.

Kilemba hakipo, kigoda kiliuzwa na binamu zangu, na lori la majani sasa linapita juu ya lami. Sikuwahi kusimama kanisani nikasema ukweli nyanya akiwa hai kuusikia. Niliusema baadaye, wakati hakuna tena aliyekumbuka, na watu wakasema amina kwa heshima tu.

"Kwa hiyo joka lilifanya nini?" mjukuu aliuliza. Mboga ilikuwa imelala mkononi mwake.

"Liliomba wimbi."

"Halafu?"

Nilijaribu. Kulikuwa na mto. Kulikuwa na neno "mzigo," au labda "mzizi." Mengine yote ni mlio wa masufuria. Nimesoma majoka ya watu wenye tuzo na picha zao nyuma ya jalada, kurasa kwa maelfu, nikitafuta moja linalopiga magoti kuomba chakula, na hakuna hata moja lililonipa yale ambayo sikutaka kuyasikiliza.

"Nikuandikie nani, Magokoro?"

"Nimekuambia hakuna," nikasema. "Chambua mboga, jua linashuka."